Besi ilivyonibadilisha masikio

Wazee wangu shikamooni. Vijana mambo vipi. Na nyie wazazi mliokuja na watoto leo Jumamosi, siku ya shughuli, na foleni ile ya Mandela mmeipita, asanteni sana.

Nimeambiwa niongelee faida za kujifunza ala ya muziki. Nikaandika kwenye daftari kweli, inafundisha uvumilivu, inamtoa mtoto kijiweni, yote hayo. Jana usiku nikasoma nikaona aah, haya mtayasikia popote. Mi nataka kusema kitu kimoja ambacho siku naanza hakuna aliyeniambia, kwamba ukishika ala ukaizoea, nyimbo unazozipenda zitabadilika. Nyingine utazipoteza kabisa, na nyingine ulikuwa unazikimbia utaanza kuzitafuta mwenyewe. Na hayo mabadiliko hayaji mara moja yakaisha, mi nina miaka 14 na gitaa la besi, lile la sauti nzito za chini, na bado yanaendelea.

Kwa wasionijua, mimi ni fundi cherehani, nina kibanda Kariakoo, nashona nguo za kike. Sasa fundi yeyote aliyeko hapa atanielewa nikisema hivi: kabla hujajua kushona unaona gauni zuri unasema gauni zuri, basi. Ukishajua kushona huwezi tena. Unaona pindo limekaaje, dati zimepigwa wapi, zipu imevuta au haijavuta, unakaa kwenye daladala mbele yako kuna mama wa watu amevaa kitenge na wewe macho yako yako kwenye mshono wa bega. Hujapanga, yanaenda yenyewe. Na muziki ndio hivyo hivyo, tofauti ni kwamba muziki unaugusa moyo zaidi ya gauni kwahiyo na mabadiliko yake yanauma zaidi.

Nimekulia Tandika. Nyumbani kwetu kulikuwa na kambi mbili. Mama ni taarabu, kaseti zake zimepangwa kabatini kama vyombo vya wageni, hakuna mtoto wa kuzigusa. Baba ni dansi, yeye redio yake na Sikinde wake na Msondo wake, na akiwa anasikiliza mtu usipite mbele yake. Mimi nilikuwa kambi ya mama, na kaka zangu wakaleta Bongo Fleva ndani ikawa kambi ya tatu. Dansi ya baba nilikuwa siiwezi, nasema ukweli. Wimbo mmoja dakika tisa! Maneno yanaisha katikati halafu yanabaki magitaa yanarudia kitu kile kile, yanarudia, yanarudia, baba amefumba macho anatikisa kichwa, mi najiuliza huyu anasikia nini ambacho mimi sisikii.

Kwa sababu mimi nilikuwa nasikiliza maneno. Na sio mimi tu, sisi watu wa huku wimbo kwetu ni maneno kwanza. Mtu akikwambia kuna wimbo mpya swali la kwanza ni unasemaje? Kamsema nani? Taarabu ndio kabisa, mafumbo, watu wanatunza kwa sababu ya mstari mmoja uliompata jirani. Mi nilikuwa nazijua taarabu za mama neno kwa neno, na kulikuwa na mmoja wa mama na mwana, kila ukifika ubeti wa tatu nalia. Nina miaka kumi na mbili nalia. Ungeniuliza besi inapiga nini kwenye wimbo huo ningekwambia besi ndio nini?

Baba alifariki 2009. Besi nimeishika 2011. Kwahiyo hakuwahi kuniona nayo, na hilo nitalirudia baadaye kidogo.

Nilivyoishika ni hivi. Jirani na kibanda changu kulikuwa na mzee, fundi wa maspika na ampu, namwita mjomba, na ukutani kwake limening'inia gitaa la besi limejaa vumbi. Enzi zake alikuwa mpigaji kwenye bendi. Mnajua zamani bendi nyingi zilikuwa za taasisi, NUTA ya chama cha wafanyakazi tangu 1964, ambayo ndiyo ikaja kuwa JUWATA, ikawa OTTU, mpaka leo ni Msondo Ngoma, na viwanda navyo vilikuwa na bendi zao, na ala zilikuwa mali ya mwajiri. Bendi ya mjomba ilivyovunjika alitoka mikono mitupu, miaka yote ya kupiga na hana hata waya, hilo besi alikuja kulinunua mwenyewe baadaye bovu akalitengeneza. Siku moja mvua imetufungia pale, nikamuuliza hili nyuzi nne tu, mbona gitaa lina sita? Akalishusha. Ndio ikawa hivyo.

Mwezi wa kwanza alinipa noti tatu. Tatu! Kila jioni tukishafunga napiga noti tatu, vidole vinaniuma mpaka sindano siwezi kuishika vizuri, baadaye sugu zikaota nikapumzika. Halafu akanipa kazi ya nyumbani. Akasema chukua wimbo wowote unaoupenda, usiusikilize wimbo, sikiliza besi peke yake mwanzo mpaka mwisho.

Nikajaribu kwenye simu. Sisikii kitu. Nikamrudia nikamwambia mjomba hii nyimbo haina besi. Akacheka, akanielezea kitu ambacho kama fundi spika alikuwa anakijua vizuri: uzi mnene kabisa wa besi ukiupiga wazi unatikisika kama mara 41 kwa sekunde, na kale kaspika ka simu kadogo kama kifungo cha shati hakawezi kusukuma hewa kwa mwendo wa chini hivyo. Kanatoa sauti za juu juu za ule uzi, ubongo wako ndio unajazia chini yake. Kwahiyo miaka yote unakisia. Akanipa hedfoni zake kubwa zile za kufunika masikio.

Jamani. Wimbo ninaoujua miaka kumi, kumbe kuna mtu mle ndani! Yupo anatembea chini ya mwimbaji, anapanda anashuka, mwimbaji akinyamaza yeye anajibu. Nilihisi kama nimekaa kwenye nyumba miaka kumi halafu naonyeshwa chumba kingine. Nikasema besi ni bitana. Hakuna anayesifia bitana ya gauni, ila itoe uone gauni litakavyokaa.

Kuanzia hapo dansi ya baba ikaanza kunifungukia. Mjomba alinifundisha zile nyimbo za zamani za Mlimani Park, ndio hao hao Sikinde wa baba, hawa walianza 1978, na kuzipiga ndiko kulikonionyesha baba alikuwa anasikia nini. Kuna gitaa la solo, kuna la pili yake, kuna la ridhimu, kuna besi. Kila mmoja anapiga kidude kidogo tu, ukikisikia peke yake utasema huyu anajifunza. Ila vimepangwa kama ukili wa mkeka, huyu anaingia pale yule alipoacha. Na besi ya dansi haijazi kila mpigo, inaacha mashimo makusudi, na mimi kila siku mjomba ananiambia unapiga sana, unapiga sana, acha nafasi. Mtindo wenyewe tumeuvuta kutoka Congo, kwa wapiga gitaa wa kule kina Franco na Dokta Nico, na wanamuziki wa kule walihamia hapa Dar na bendi nzima nzima kama Maquis, lakini wazee wetu wakautuliza, wakaupa maneno marefu ya Kiswahili na mapigo ya ngoma za huku.

Sasa ile sehemu niliyokuwa nasema inarudia, inarudia, ile wanayoita chemko, nimekaa nayo miezi mitatu mpaka nikaiweza. Hairudii. Solo anabadilisha kidogo kila mzunguko, ridhimu anakaza, besi inahama sehemu moja ndogo na tumba zinaijua hiyo sehemu. Zamani nilikuwa nasikia mstari mmoja ndio maana nilichoka, ukisikia mistari minne dakika tisa ni fupi. Nakumbuka usiku niliopiga wimbo mmoja wa baba mwanzo mwisho bila kukosea, niko kibandani peke yangu, mjomba ameshaondoka. Niliweka besi chini nikakaa. Nilitamani nimwambie baba nimesikia. Nimesikia ulichokuwa unasikia.

Baadaye nikaanza kusoma soma kuhusu hili jambo maana nilitaka kujua ni mimi tu au watu wote. Kuna mwanasaikolojia anaitwa Daniel Berlyne, mwaka 1971 alieleza kwamba mtu anapenda kitu kisicho chepesi sana wala kigumu sana, kwenye mchoro ni kama kilima, pembeni zote mbili unachoka, katikati ndio utamu. Sasa nadhani ukijifunza kilima kinahama. Kilichokuwa kigumu kinakaa katikati, kilichokuwa katikati kinakuwa chepesi. Mi nilivyosoma hivyo nikasema sawa, lakini huyu bwana hajasema kilima kikihama unawaacha kina nani nyuma.

Maana mwaka wa tatu, wa nne, nikawa mtu wa ajabu. Nilikuwa siwezi kusikiliza kitu kwa raha. Bongo Fleva naisema kodi nne hizo hizo, yaani mafungu manne yale yale ya noti, mwanzo mwisho. Taarabu za siku hizi naisema besi ya kinanda, haina mkono wa mtu. Kwenye harusi watu wanacheza mi nimekaa nasikiliza mpiga besi kachelewa kuingia. Na mbaya zaidi nilikuwa naamini kabisa kwamba nimeelimika, kwamba wengine hawajui.

Siku moja niko nyumbani Tandika, mama kaweka kaseti yake, ule wimbo wa mama na mwana. Nikasema, na nilisema kwa sauti, mama huyu mpiga besi hakuwa ametyuni vizuri, sikiliza, yuko chini kidogo. Mama akazima redio. Hakugomba. Akaniangalia akasema, mwanangu, huu wimbo ulikuwa unakuliza.

Sikuwa na jibu. Nilirudi kwangu nikaweka ule wimbo, nikaufuata mpaka ubeti wa tatu, nikagundua kwamba ubeti umepita na sijasikia hata neno moja. Yaani maneno yalipita kama kelele za barabarani. Niliingia kwenye muziki kwa mlango wa maneno, besi ikanifungulia mlango mwingine, na ule wa kwanza ukajifunga na mimi sikusikia ulipojifunga. Wale mnaoanza ala leo nataka hili mlijue mapema. Litawapata. Mimi lilikaa kama miaka miwili.

Kilichonitoa ni kazi. Kuna kikundi cha kina mama wa taarabu, mpiga besi wao alisafiri, wakaniita niwashikie shughuli tatu. Nikaenda na dharau yangu moyoni, najua nitapiga nimefumba macho. Mazoezi ya kwanza nikashindwa kufika nusu ya wimbo.

Kwanza sauti zenyewe. Taarabu asilia ya Zanzibar, ile iliyoanza kule kwenye vikundi kama Nadi Ikhwan Safaa tangu 1905, imebeba mizani za Kiarabu, yaani ngazi zao za sauti, na kuna sauti zinakaa katikati ya zile ninazozijua mimi. Mpiga udi na mpiga fidla hawana vile vyuma vya kugawa shingo ya ala, wanateleza wanazikuta. Besi langu mimi lina vyuma, sauti ni hii au ile. Ndio maana besi lao la asili ni lile kubwa la kusimama, halina vyuma nalo. Nikajiuliza, na yule wa kwenye kaseti ya mama niliyesema hakutyuni, je?

Lakini kilichonishinda hasa ni mwimbaji. Mama mmoja mtu mzima, anaimba anavyotaka yeye. Akifika kwenye neno zito analivuta, watu wanakuja kutunza, analirudia, analigeuza, na bendi yote inamsubiri, na ukitaka kujua anarudi lini huwezi kuhesabu, inabidi usikilize anasema nini. Maneno! Nilikuwa siwezi kupiga besi bila kufuata maneno. Shughuli ya pili, kwenye ukumbi huko Temeke, akavuta neno moja hivi, mimi nimeshikilia noti moja nzito chini yake namsubiri, na kidole kikiwa bado kwenye uzi machozi yakanitoka. Tangu nikiwa mtoto sikuwahi tena. Na yalikuwa tofauti, zamani nililia kwa sababu ya neno, safari hii nililia kwa neno na kwa ule ukimya tulioutengeneza wote kulizunguka.

Jumapili yake nikaenda Tandika nikamwomba mama aweke kaseti.

Nitapita haraka kidogo hapa muda unaenda, ila kuna mawili siwezi kuyaacha.

La kwanza, Wagogo. Mjomba alinipa kusikiliza marehemu Hukwe Zawose, aliyefariki 2003, na ile ilimba yake, ala ya vijiti vya chuma inayopigwa kwa vidole gumba, na uimbaji wake. Nikasema mjomba hizi sauti zimepinda. Hakubisha, akaniambia gusa uzi wa besi katikati kabisa, uguse tu usiukandamize, piga. Ukatoa sauti ya juu safi kama filimbi. Sasa gusa kwenye theluthi. Kwenye robo. Endelea kupanda. Kila mgawanyo unatoa sauti yake, zimo ndani ya uzi wenyewe hakuna aliyeziweka. Ukifika mgawanyo wa saba, sauti inayotoka iko chini ya ile ya kwenye vyuma vya gitaa kwa kiasi cha theluthi moja hivi ya nusu hatua, yaani ya umbali wa chuma kimoja hadi kinachofuata. Na Wagogo mizani yao inafuata hizi sauti za asili. Kwahiyo kilichopinda ni vyuma vyangu mimi, vilivyogawa sauti kumi na mbili sawa sawa ili iwe rahisi. Tangu siku hiyo neno "imepinda" natumia kwa uangalifu sana, na yule mzee kwenye ilimba ni kati ya watu ninaowasikiliza kila wiki.

La pili, singeli, na hapa vijana mnisikilize. Mpwa wangu anaipiga ndani siku nzima, mi nilikuwa namwambia zima hilo cherehani, mipigo mia mbili na kitu kwa dakika, nyingine inakaribia mia tatu, nani anacheza hivyo. Siku moja ninakata kitambaa, yeye kaweka, na mkono wangu wa kushoto ukaanza kupiga besi hewani. Vidole vinakwenda vyenyewe. Nikashtuka, huu wimbo siujui, vidole vinaujua vipi? Nikamwambia rudisha. Kumbe mtengenezaji kachukua kipande cha taarabu, kinanda kile cha taarabu, akakikimbiza mara mbili. Sikio langu lilisikia kelele, mkono ulimtambua mtu wa nyumbani. Kaseti za mama ziko ndani ya singeli ya mjukuu wake!

Na hii ya mkono kujua kabla ya sikio sio ushirikina. Mwaka 2007 watafiti, Lahav na wenzake kule Boston, walichukua watu wasiojua muziki wakawafundisha wimbo mmoja mfupi wa piano siku tano tu. Halafu wakawalaza kwenye mashine ya kupiga picha ubongo wakawasikilizisha ule wimbo, mikono imetulia. Sehemu za ubongo zinazoendesha miondoko zikaamka. Kwenye wimbo ambao hawakuufanyia mazoezi haikuwa hivyo. Siku tano, jamani. Ukishaupiga wimbo huusikii tena kwa masikio peke yake.

Singeli yote siipendi, siwezi kuwadanganya. Kuna nyingine naona mtu kakimbiza tu hana cha kusema. Lakini nimejaribu kuzipiga na besi, vidole vimenishinda, na kitu ambacho mkono wangu hauwezi siku hizi nakipa muda kabla sijakisema vibaya.

Na zipo zilizoondoka zikabaki zimeondoka. Kuna nyimbo nilizipenda nikiwa na miaka kumi na saba, nikiweka sasa nasikia zilivyo nyepesi, na naona huruma kama ukikutana na rafiki wa shule mkakosa cha kuongea. Wazazi, mtoto wako akianza gitaa au kinanda halafu akaja anasema muziki wenu sio muziki, usimnyang'anye ala. Yuko kwenye ile miaka miwili. Mpe kazi ya kumsindikiza mtu anayeimba, shangazi yake, kwaya, kaswida, yeyote, mradi awe na mtu wa kumsubiri.

Sasa nimeongea sana na besi limekaa pale linanitazama. Mjomba yupo, yule pale nyuma amevaa kofia, atakaa kwenye ridhimu. Mpwa wangu yuko kwenye tumba, nimemwambia asikimbie. Naomba tuzime simu, na anayeweza asogee karibu na spika kubwa ile ya kushoto, mjue kwa nini nimesema simu haitoshi.

Na mama yuko mstari wa pili pale. Mama, najua ulisema huji kuimba, umekuja kuangalia. Ni ule wa mama na mwana. Vuta popote unapotaka kuvuta, usiniangalie mimi. Anza, nakufuata.